Nafasi ya Juu ya Karatasi

Feza aliwakuta wafanyakazi wakichimba msingi wa nyumba kwenye kiwanja cha Leta, mali ya serikali, pale pale mtaa mzima ulipokubaliana lijengwe bwawa la kuogelea, ili watoto waache kuoga ziwani kwenye mamba.

Shemeji yake, shefu wa mtaa, hakumkwepa. Alimpa karatasi.

"Soma, shemeji. Wakaaji njo walikubali."

Aliitambua kabla hajaisoma. Ni yeye aliyeizungusha mlango kwa mlango wiki mbili, watu wakichovya vidole gumba kwenye wino wake na kuvibandika mbele ya majina yao, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Shefu alikuwa amemwambia aache nafasi juu. Sekretera wa ofisi yake angeandika hapo ombi la bwawa kwa mashine.

Sasa nafasi ilikuwa imejaa. *Sisi wakaaji tunakubali kiwanja hiki apewe shefu wetu, ajenge.*

"Miye niliwaambia iko ya pisini, ya bwawa la watoto," alisema Feza.

"Basi uwaambie tena."

Majirani walikuwa wamefika nyuma yake. Mama mmoja akauliza karatasi inasema nini.

Feza alikikunja kidole gumba ndani ya ngumi. Wino ulikuwa bado haujatoka kwenye ukucha.