Mkanda wa Nungunungu

Zamani wanyama walipopenda ngumi kuliko chakula, mashabiki walikuwa wakibishana kila siku mlangoni pa shimo la Nungunungu: ngumi ya nani nzito, ya Sokwe au ya Simba? Mwishowe mabingwa wenyewe wakaja, wakauweka mkanda wa ubingwa katikati.

"Yangu iling'oa mnazi!" akafoka Sokwe.

"Yangu ilimlaza Nyati!" akanguruma Simba.

Nungunungu, kachoshwa na kelele, akatoka, akawageuzia mgongo na kusimamisha miiba. "Nipigeni mimi. Atakayeniangusha achukue mkanda. Mkishindwa, ni wangu."

Simba akautazama mkono wake. "Tangulia, kaka Sokwe."

"Aa, mkubwa ni wewe, bwana."

Wakasukumiana zamu mpaka mashabiki wakaangua kicheko. Nungunungu akavaa mkanda, akarudi shimoni kifua mbele. Wote walimshangilia bingwa mpya, ila hakuna aliyethubutu kumpigapiga mgongoni.