Utulivu wa Shomari

Siku hizo kila mtu alivaa bangili iliyowaka kijani mawazo yake yalipotulia mwilini. Mwanaidi na mumewe, Shomari, walikaa mkekani kila jioni wakisikiliza pumzi zao. Bangili ya Shomari iliwaka upesi. Ya Mwanaidi haikuwaka kamwe, kwa kuwa muda wote alikuwa akimtazama mumewe.

“Unamuwaza nani humo ndani?” alimuuliza.

“Simuwazi mtu, mke wangu. Nasikia miguu, tumbo, pumzi. Basi.”

Jibu hilo lilimuuma zaidi. Kama mumewe angekuwa anamuwaza mwanamke mwingine, Mwanaidi angemfuata huyo mwanamke wakagombana.

Jioni iliyofuata alimfinya mkono kwa nguvu mpaka akafumbua macho. Shomari akamtabasamia kwa upole, kama anayemkaribisha mgeni, akamuuliza kama ameshakula. Walikuwa wametoka kula pamoja.