Muuza Barafu na Fundi Mwashi

Karatasi ya tatu ilipomtaja tena muuza barafu, mwalimu aliweka kalamu nyekundu mezani na kujifuta viganja kwenye sketi.

Swali la tisa lilikuwa jepesi: eleza tofauti kati ya nyota ya mkia na asteroidi. Tangu asubuhi wasahihishaji walikuwa wakisoma majibu yaleyale ya kukariri, hii ni barafu na vumbi, ile ni mwamba na chuma. Lakini watoto wa kituo hiki kimoja cha mtihani waliandika hivi:

"Asteroidi ni fundi mwashi. Mali yake ni mawe, na asteroidi nyingi haziendi mbali na mtaa wao, kati ya Mirihi na Mshtarii. Nyota ya mkia ni muuza barafu. Anatoka mbali sana, na akilikaribia jua mzigo unayeyuka, unamfanyia mkia. Akiondoka huondoka kinyumenyume kwa adabu, uso kwenye jua, mkia umetangulia."

Mkuu wa meza alichungulia begani kwake. "Vipi, mwalimu? Umekwama?"

"Hawa wanajibu kwa hadithi."

"Hoja zimo?"

"Zote zimo."

"Basi wape haki yao. Barafu ni barafu, hata ikipelekwa sokoni."

Akawapa. Watoto arobaini na mmoja, alama zote. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote ya kusahihisha: aliinakili namba ya kituo kwenye kiganja chake.

Maneno yale hayakutoka kitabuni. Yalizaliwa jikoni kwake, mwaka wa pili wa ndoa, yeye akiandaa somo lake la kwanza la anga na mumewe akimenya viazi. Muuza barafu na fundi mwashi walikuwa wa mume. Kinyumenyume kilikuwa cha mwalimu mwenyewe, maana mume alishikilia kwamba mkia hubaki nyuma siku zote kama vumbi la lori, naye akamweleza kuwa jua ndilo linalousukuma, kwa hiyo nyota ikiondoka mkia hutangulia. Walibishana mpaka sufuria ikaungua.

Mumewe alikuwa mpima ardhi. Wiki mbili nyumbani, wiki mbili safarini na vipimo vyake. Alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake alimzaa yeye, akasema inatosha. Ndiyo maana mwalimu hakupata wifi wa kumsimanga miaka ilipokwenda bila mtoto. Majirani walisema, lakini mume alimwambia, "Mimi na wewe tunatoshana," na akaamini.

Miaka sita iliyopita mafuriko yalilizoa gari la wapimaji. Gari lilionekana, yeye hakuonekana. Walizika koti lake.

Sasa kulikuwa na mtu anayewafundisha watoto maneno yaliyosemwa jikoni na watu wawili tu.

"Yu hai," alimwambia mdogo wake.

"Dada, kama yu hai, basi alikukimbia. Ukimpata utamfanya nini?"

"Kwanza nitamtazama. Matusi yatafuata."

Shule zilipofunguliwa alisafiri siku mbili kwa basi. Njiani alitunga matusi, akayapanga vizuri, makali yakiwa mwisho. Kufikia asubuhi ya pili alikuwa ameyasahau karibu yote. Alishuka stendi, akanawa uso bombani, akavaa gauni la buluu ambalo mume alilipenda, huku akijionea aibu kwa kulivaa.

"Namtafuta mwalimu wa sayansi," alimwambia karani wa shule.

"Yuko darasani, mama. Keti hapo kwenye benchi, kengele iko karibu."

"Ana muda gani hapa?"

"Huu ni mwaka wa tatu. Watoto wanampenda kupita kiasi. Ana vichekesho, yule, hata jiwe litacheka."

Aliubana mkoba kifuani. Aliwaza atakuwa amezeeka. Aliwaza huenda maji yale yalimgonga kichwa akasahau kwao. Watu husahau, yametokea. Kabla kengele haijalia alikuwa ameshamsamehe.

Mlango wa darasa ukafunguliwa. Watoto wakamwagika nje, na nyuma yao akatoka msichana wa miaka ishirini na kitu, chaki vidoleni, vitabu kifuani. Paji la uso lilikuwa lile la mumewe. Hata namna ya kuinamisha kichwa akisikiliza ilikuwa ile.

"Karani ananiashiria kuwa unanitafuta, mama."

Mwalimu aliinuka kwenye benchi. "Muuza barafu," alisema. "Nani alikufundisha?"

Msichana alitabasamu, halafu tabasamu likapungua. "Baba. Alikuwa mpima ardhi. Mafuriko yalimchukua, mwaka wa sita sasa. Hata kaburi hatuna."

Mwalimu akarudi kwenye benchi. Kwa mara ya pili akawa mjane, mchana kweupe, watoto wakipiga mpira mbele yake.

Msichana alichuchumaa, akamshika mikono, akamtazama usoni kwa muda. Macho yakamjaa machozi.

"Nakujua wewe. Picha yako iko sebuleni kwetu. Baba alituambia kipande cha kinyumenyume ni chako." Akaubana mkono wa mgeni. "Kila mwezi alikwenda kwako wiki mbili, na mama hakuchoka kumsihi akulete tukuone. Shikamoo, shangazi."

Mwalimu alimtazama yule binti, na lile paji la uso.

"Marahaba, mwanangu."