Mshale Uliogandia Nusu

Mshale wa mafuta wa gari lao ulikuwa umegandia nusu tangu mwaka juzi, na Athanas alikataa katakata kuupeleka kwa fundi. "Sikio langu linatosha," alisema. Kila asubuhi mkewe, Nambua, alilitikisa gari, naye akainama kwenye tangi kusikiliza mafuta yanavyocheza. Hakuwahi kukosea.

Leo Athanas alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, mkono kifuani, jasho likimtiririka. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, na njia nzima haina kituo cha mafuta.

"Ngoja nikatafute gari lingine, Baba Siwema."

"Hakuna muda. Tikisa. Tangi liko hapa chini yangu."

Nambua akatikisa kwa nguvu zake zote. Athanas akabana sikio kwenye kiti, akafumba macho.

"Yapo?"

Akabana sikio zaidi. "Yapo. Ya kwenda na kurudi. Washa, mke wangu."

Akawasha. Mlima ulipoanza, alimtupia jicho kwenye kioo. Athanas alikuwa bado amebana sikio kitini, na kidole chake kimoja kilikuwa juu, kikimwomba asiseme neno.