Maua Mekundu ya Njia ya Peramiho

“Huo mti ulikuwa na majani?” Ekaristia aliuliza tena, mche ukiwa bado mkononi.

“Hata moja, mwanangu. Maua mekundu matupu. Nilimlaza mtoto pale, jua linamwakia usoni, nikaondoka.” Bi Asma alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alikuwa ametoka Namtumbo asubuhi, baada ya kusikia kwamba muuza miche mmoja wa Songea aliokotwa akiwa mchanga chini ya mti wa maua mekundu, njia ya Peramiho.

“Ilikuwa mwezi gani?”

“Akili haikuwa yangu siku zile. Naukumbuka mti tu. Shina lilikuwa na miiba.”

Ekaristia alinyong’onyea. Tangu utotoni aliomba mwanamke wa namna hii atokee, na sasa ametokea na mti usio wake. “Mama, huo ni mwambangoma. Huchanua kiangazi, umepukutika majani yote. Mimi niliokotwa mkesha wa Krismasi chini ya mkrismasi, na mkrismasi hauna miiba. Nao una maua mekundu, lakini huchanua Desemba ukiwa umejaa majani. Nisamehe, mtoto wako si mimi.”

Severina, mama aliyemlea, alikuwa kando akijaza udongo kwenye viriba. “Ndivyo ilivyokuwa,” alisema bila kuinua uso. “Na mti wenyewe ulishakatwa walipopanua barabara.”

Bi Asma aliomba radhi kwa usumbufu, akaaga. Ekaristia alimsindikiza hadi stendi, akarudi akilia njia nzima wala asijali waliomtazama.

Kiangazi kilipoingia, habari ikaja kwamba Bi Asma amefariki. “Mpaka mwisho alikuwa anamuulizia mtoto,” alisema mpwa wake aliyepiga simu.

Severina hakugusa chakula siku ile. Kesho yake alijifunga kitenge cha kanisani. “Nipeleke Peramiho,” alisema.

Walishuka kabla ya kufika misheni. Severina alitangulia kwenye kijia, taratibu kwa sababu ya magoti yake, mpaka kwenye mti uliosimama peke yake ukingoni mwa shamba. Shina lilijaa miiba. Juu kulikuwa na maua mekundu, na anga yote ilionekana kati ya matawi.

“Mama, si ulisema ulikatwa?” Ekaristia aliuliza.

Severina alipiga magoti, akaweka kiganja ardhini.

“Nilikukuta hapa,” alisema. “Mwezi kama huu.”