Siku Tatu za Kusahau

Kila alipoletewa kesi ya dawa mpya, sheria ilimtaka Kombo anywe kwanza kidonge cha kusahau kwa siku tatu. Kitendawili kikishateguliwa, hata mjinga hudai jibu alikuwa nalo mdomoni. Kwa hiyo, ili apime kama wazo ni jipya kweli, mwamuzi alipaswa kujua dawa za zamani tu.

Safari hii kampuni ilikuwa imeunganisha dawa ya presha na ya sukari katika kidonge kimoja, ikataka hataza ili mwingine asikitengeneze. Kombo akasahau miaka kumi na miwili. Zamda alikuwa mkewe kwa miaka tisa.

Basi kwa siku tatu Zamda alikaa na mgeni, akampikia maharage.

"Tangawizi kwenye maharage! Nani aliwaza hili, dada?"

"Mume wangu."

"Kumbe umeolewa," akasema Kombo, akanywea kama kuku aliyenyeshewa. Zamda alicheka mpaka akafuta machozi. Kila kesi ilikuwa hivi, na hakuchoka kutongozwa upya.

Siku ya tatu Kombo alitoa uamuzi: yeyote mwenye dawa zile mbili angewaza kuziunganisha, kwa hiyo hataza isitolewe. Zamda alilala akijua kesho mumewe atarudi, kama ilivyokuwa siku zote.

Asubuhi alimkuta jikoni akimenya tangawizi.

"Samahani, dada, nimeingia bila ruhusa. Huyo mumeo anarudi lini?"

Zamda alitazama kalenda ukutani. Siku ya nne.

"Yuko njiani," akasema, akavuta kigoda, akaketi karibu naye.