Darasa la Shaba

Kwa wiki tatu Bi Mwanasaumu hakulifua shati la mwanawe. Alilitia ndani ya ndoo ndogo, akabana kifuniko, akaiweka ndoo juu ya kabati, mbali na mikono yake mwenyewe iliyozoea kufua kila kitu kabla ya adhuhuri. Mwalimu wa mbwa alikuwa amemwambia kwenye simu: nafasi itapatikana mwezi ujao, na uje na nguo ya mtu wa nyumbani, isiyofuliwa.

Leo alikuwa na ndoo mkono mmoja na kamba ya mbwa mkono wa pili. Mjukuu wake Israa alimfuata nyuma, ameshika buibui lake. Pale Ziwa la Ng'ombe tuktuk mbili zilikataa kumpakia mbwa. Dereva wa tatu alitandika gunia, akasema, "Ingieni, bibi. Huyu naye ni abiria." Bi Mwanasaumu alimwombea dua mpaka Bamburi.

Uwanja wa Mwarandu, yule mwalimu wa mbwa, ulikuwa nyuma ya machimbo ya zamani, umezungushiwa wavu. Mwenyewe alitoka akifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu, Shaba. Ni wa uani. Ndani kwangu haingii."

"Najua. Bomba lile pale, na mchanga safi wa kujitwahirisha nimekuwekea kando yake, huenda akakulamba."

Bi Mwanasaumu aliutazama ule mchanga. Ulikuwa umechekechwa. Wangapi wangemkumbukia jambo kama hilo?

"Majirani wanasema nimekuwa Mzungu, kumpeleka mbwa shule."

Mwarandu akacheka. "Waambie huyu atapata cheti kabla ya watoto wao."

Kisha akachuchumaa mbele ya Israa. Mtoto alikuwa na miaka sita, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta mpaka juu ya kiwiko.

"Na wewe umeanguka wapi?"

Israa akamtazama bibi yake.

"Mlangoni," akasema Bi Mwanasaumu.

"Pole, mrembo." Mwarandu akatoa kalamu, akachora mbwa mwenye masikio marefu juu ya plasta. Israa akatabasamu, huku mkono wake mzima ukimkuna Shaba nyuma ya sikio.

Madarasa yalikuwa matatu. La kwanza ni la adabu: kuja akiitwa, kukaa, kutovuta kamba. La pili ni la kunusa: mbwa hupewa harufu ya mtu, akamtafuta mpaka amuone. La tatu ni la ulinzi: kubweka, kuzuia, na ikibidi, kung'ata.

"Watu wengi hukimbilia la tatu kwa sifa tu," akasema Mwarandu. "Mimi huwaambia, mlete mbwa ajifunze lile asilolijua. Hebu tumuone huyu."

Akapiga mluzi. Achieng, mfanyakazi mwenzake, akaingia langoni na fimbo. Shaba akaruka akibweka, kamba ikamchoma Bi Mwanasaumu kiganjani. Achieng akarudi nyuma hatua tatu, akaweka fimbo chini.

"Nyumbani huwabwekea hivi wote wanaoingia?" Mwarandu akauliza.

"Wote. Isipokuwa mmoja."

"Nani huyo?"

"Najib, mwanangu. Babake huyu mtoto. Ndiye aliyemleta Shaba nyumbani, mdogo hivi, amemtia ndani ya kofia."

"Naye yuko wapi?"

"Hayuko nyumbani. Watu wamemwona Miritini, malori yanapoegeshwa. Wanasema amekonda, hata akiitwa haitiki."

Mwarandu hakuuliza zaidi. Kina mama wenye habari kama hiyo alikuwa nao hata mtaani kwake. Akafungua ndoo, akalitoa shati. Lilikuwa limechanika kutoka begani mpaka mbavuni.

"Alilivaa siku ya mwisho?"

"Ndiyo. Lilinibakia mkononi."

Israa akaliacha sikio la Shaba, akaenda kusimama nyuma ya buibui la bibi yake. Mwarandu alimwona. Akageuza uso upande wa machimbo kwa muda, akimpa mtoto nafasi ya kulia.

Akalitandika shati chini. Shaba akanyamaza. Akalinusa kola, akanusa kwapa, mkia ukaanza kupiga huku na huku. Mwisho akajilaza juu yake, akaweka kidevu kwenye mkono wa shati, akawa anatoa sauti nyembamba ya kudeka.

Bi Mwanasaumu aliutazama ule mkia. Mwenye shati hilo, alipokuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa akimpepea yeye mamake usiku kucha alipougua malaria.

"Mama, hapa hapana la kufikiri," akasema Mwarandu, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Darasa la pili. Mbwa huyu anampenda mno. Wiki sita tu. Na siku ya kwenda Miritini nitakwenda nanyi mimi mwenyewe, haki ya Mungu. Tutamrudisha."

"Mungu akulipe, mwanangu. Una moyo mzuri." Alisema hivyo kwa dhati, na macho yakamlowa. "Lakini niandikie la tatu."

"La ulinzi? Hilo analijua! Si umemwona? Huyu atalibwekea jeshi zima."

Bi Mwanasaumu akamtoa Israa nyuma ya buibui, akamshika kwa ule mkono usio na plasta.

"Mwenye shati hili hambwekei," akasema. "Na mtoto amebakiwa na mkono mmoja."